Mshenga wa Dodoma: Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, Tukimtazama Kutoka Ufipa

Mhadhara wa hadhara, Sumbawanga

Nimepanda kutoka Tunduma jana, na basi limetumia saa chache tu. Nilipokuwa mwanafunzi, safari hiyo wakati wa masika ilihesabiwa kwa siku, na abiria mzoefu alijua kwamba nauli aliyolipa ni pamoja na kusukuma. Barabara hiyo nitairudia, maana imo ndani ya mada.

Mada niliyopewa ni kazi ya Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Ni jina refu, na kama majina mengi marefu ya ofisini, hupita redioni bila mtu kulishika. Naomba kwa leo tumwite mshenga.

Mshenga haoi wala haozi. Mahari si yake, binti si wake, lakini ndiye anayekaa katikati ya mkeka na kuulizwa kwa nini ng'ombe wamepungua. Akirudi kwa waliomtuma anaulizwa kwa nini amekubali haraka hivyo. Ufasaha unamsaidia, ila familia zenye akili humpima kwa jambo lingine: anarudi na nini? Amewaambia waliomtuma maneno yaliyosemwa kule, pamoja na yale machungu, au amewapelekea yale wanayopenda kusikia?

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 52, inampa Waziri Mkuu kazi mbili kwa mkupuo. Anasimamia shughuli za Serikali za siku hadi siku, na ndiye Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Ibara ya 53 inasema anawajibika kwa Rais, na kwamba mawaziri wakiongozwa naye wanawajibika kwa pamoja mbele ya Bunge. Geuzeni ukurasa hadi ibara ya 55: mawaziri hao huteuliwa na Rais, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Makatibu wakuu nao ni wateule wa Rais. Fundo liko hapo. Mtu mmoja anajibu mbele ya Bunge kwa makosa ya watu ambao hakuwaajiri na ambao hawezi kuwafukuza.

Wazee wa hapa hili halitawashangaza. Simulizi ya Milansi mnaijua kuliko mimi, na Roy Willis, yule mwanazuoni Mwingereza aliyeandika sana juu ya Ufipa, aliisikia kwa wazee wenu akaiweka vitabuni. Wanawake watatu wageni walifika wakati mkuu wa Milansi yuko mawindoni, mmoja akakalia kiti chake. Aliporudi, vita havikupigwa. Yakawekwa maafikiano: ukoo wa Watwaci ukashika utawala, na Milansi ikabaki na heshima ya ukuhani na sauti katika kumsimika mtawala mpya. Mwene, yaani mtawala, alitawala, lakini kulikuwa na kilima cha Milansi ambacho hakukimiliki, na bila kilima hicho kiti chake kilikuwa kigoda tu. Nami nimejifunza kuwatazama wakubwa kwa jicho hilo. Nikiona mtu kwenye kiti, nauliza ni nani alimkalisha, na ni nani anayeweza kumwinua.

Kwa Waziri Mkuu wa Tanzania majibu ni mawili. Rais humteua kutoka miongoni mwa wabunge waliochaguliwa majimboni, kisha Bunge humthibitisha kwa kura. Sharti hilo la kuthibitishwa lilikuja na mabadiliko ya mwaka 1992, tulipoingia vyama vingi. Kabla ya hapo historia ya cheo ilikwenda kwa kuyumba. Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu wakati wa uhuru, Januari 1962 akamwachia Rashidi Kawawa, na Desemba ya mwaka huo tulipokuwa Jamhuri cheo kikafutwa. Baada ya Muungano, Makamu wa Pili wa Rais, Kawawa huyo huyo, ndiye aliyeongoza shughuli za Serikali Bungeni, hadi mwaka 1972 cheo cha Waziri Mkuu kiliporudishwa akakishika tena yeye. Kazi ilikuwa moja, kofia ndiyo iliyobadilika.

Sasa tuje kwa wa kwetu.

Tarehe 7 Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya Kamati Teule ya Dokta Harrison Mwakyembe kusoma taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Kesho yake jina lililoletwa Bungeni lilikuwa la mbunge wa Mpanda Mashariki, Mizengo Kayanza Peter Pinda, mwanasheria aliyefanya kazi Ikulu miaka mingi kabla ya kuingia Bungeni mwaka 2000. Akathibitishwa kwa wingi mkubwa wa kura, na tarehe 9 akaapa. Wakati huo Mpanda ilikuwa Rukwa. Mkoa wa Katavi haukuwa umezaliwa. Ulizaliwa mwaka 2012, na kwa hiyo Waziri Mkuu wetu tukagawana naye mpaka kama ndugu wanavyogawana shamba.

Siku nane baada ya kiapo, tarehe 17 Februari 2008, Rais Kikwete na Rais Bush wa Marekani walitia saini Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698 wa Changamoto za Milenia, na ndani yake ilikuwemo barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga. Mpaka leo nikikaa kwenye vigoda vya komoni namsikia mtu akisema ile lami ilitoka kwa Pinda. Nampenda msemaji huyo kwa uzalendo wake, lakini tarehe zinamkatalia. Mkataba wa namna ile hauandaliwi kwa siku nane. Ninalitaja kwa sababu ndilo kosa letu kubwa juu ya cheo hiki: tunamdhania mwenye nacho kuwa mgawaji wa neema, aliyesimama ghalani na ufunguo mkononi.

Mtazameni Pinda Julai 2011, mseme kama anao ufunguo. Bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iko mezani, nchi ina mgawo wa umeme, wabunge wana hasira. Mbunge mmoja, Beatrice Shellukindo, anasimama na barua: Katibu Mkuu wa wizara amezitaka taasisi zilizo chini yake zichange fedha za kufanikisha bajeti hiyo kupita. Ukumbi unachemka. Kiongozi wa Shughuli za Serikali anasimama, na anafanya mambo mawili ambayo kila mwanafunzi wa siasa angepaswa kuyasoma. La kwanza, anaiondoa mezani bajeti, anaomba muda wa wiki kadhaa Serikali ikajipange upya. Huo ndio ufundi wa kazi yenyewe: kuona kwamba hoja inazama na kuirudisha ufukweni kabla haijapigiwa kura. La pili, anawaambia wabunge wazi kwamba lau angekuwa na mamlaka angemwondoa Katibu Mkuu yule pale pale, lakini mwenye mamlaka ni Rais, na Rais yuko safarini.

Wapo waliocheka. Walisema huyu ni Waziri Mkuu gani. Mimi naona ndiyo siku ambayo cheo hiki kilielezwa kwa ukweli kuliko siku nyingine yoyote ninayoikumbuka. Mwezi uliofuata Katibu Mkuu Kiongozi alitangaza kwamba yule mtumishi hana hatia na arudi kazini, Bunge likawaka upya, likaunda kamati teule. Aliyekaa katikati ya mkeka ni yule yule.

Mwaka uliofuata tukajua Bunge linaweza kumfanya nini. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ibara ya 53A haikuwasikia wahenga: Bunge linaweza kupitisha azimio la kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, naye akalazimika kuondoka. Rais aliyemtuma haguswi na ibara hiyo. Aprili 2012, baada ya taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha ubadhirifu katika wizara kadhaa, mbunge Zitto Kabwe alianza kukusanya saini. Zinatakiwa za asilimia 20 ya wabunge wote, akazipata, na baadhi zikatoka chama tawala. Spika Anne Makinda akasema Katiba inataka taarifa ya siku 14, na mkutano ulikuwa unafikia tamati. Azimio halikupigiwa kura. Lakini Mei Rais alipanga upya baraza la mawaziri, na mawaziri sita wakaachwa nje.

Angalieni jinsi dawa ilivyofanya kazi. Wabunge walimlenga mshenga, na waliodondoka ni wale waliokuwa wamejificha nyuma ya kanzu yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ibara ya 53A ni pambo. Ni njia ya kuzunguka: Bunge halina mkono wa kumfikia waziri mmoja mmoja, kwa hiyo linamtikisa anayewabeba wote.

Wakati mwingine mshenga huponzwa na kutorudisha ujumbe. Mwaka 1993 kundi la wabunge 55, lile lililoitwa G55, lilileta hoja ya kudai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Msimamo wa chama ulikuwa serikali mbili. Waziri Mkuu, John Malecela, alikuwa na kazi ya kuutetea msimamo huo ukumbini, au kumwambia Rais kwamba haiwezekani na kujiweka kando. Serikali ikageuka, hoja ikapita. Mwalimu Nyerere, aliyekwisha kustaafu, aliandika kitabu kizima, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, na shutuma zake kali kabisa ziliwaangukia Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama kwa jinsi walivyomshauri Rais. Desemba 1994 nafasi ya Malecela ilichukuliwa na Cleopa Msuya. Unaweza kuwaunga mkono G55 au kuwapinga. Mimi mwenyewe nimebadili mawazo mara mbili. Lakini juu ya wajibu wa mtu aliyekalia kiti kile, Mwalimu alikuwa sahihi: huwezi kuwa mshenga wa posa usiyoiamini.

Nimezungumzia misukosuko. Kazi ya kila siku ni kimya zaidi, na ndiyo kubwa. Kiongozi wa Shughuli za Serikali ni mjumbe wa Kamati ya Uongozi inayokaa chini ya Spika kupanga ratiba. Muswada upi uje mkutano huu, upi usubiri Novemba, wizara ipi ipewe siku mbili na ipi siku moja: mambo hayo yanaonekana ya karani, kumbe humo ndimo sheria zinamofia au kuponea. Aprili hotuba yake ndiyo inayofungua mjadala wa bajeti za wizara. Kila mkutano wa Bunge unapokwisha, yeye ndiye mwenye hoja ya kuahirisha. Waziri akibanwa na mbunge aliyeshika shilingi ya mshahara wake, mnadhimu wa Serikali hupita viti kwa viti akinong'ona, na jioni wabunge wa chama tawala huitwa kwenye kikao chao cha faragha, ambako maneno makali husemwa ili kesho ukumbini isikike ndiyo tupu.

Na muda ndiyo silaha ya kiongozi huyu. Hapa ninamlaumu zaidi kuliko kwa majibu yake yote ya maswali ya Alhamisi. Muswada wa kawaida husomwa mara ya kwanza, ukapelekwa kamatini, wananchi wakaitwa kutoa maoni, ndipo ukarudi. Ukija na hati ya dharura iliyosainiwa na Rais, ngazi hizo zinarukwa au zinabanwa. Julai 2015, siku za mwisho za Bunge la Kumi, miswada mitatu ya mafuta na gesi ilipitishwa kwa dharura, wapinzani wengine wakiwa wamesimamishwa na wengine wametoka. Waziri Mkuu alikuwa Pinda. Miaka miwili baadaye, chini ya Kassim Majaliwa, ikaja mitatu mingine kwa mtindo huo huo, ya madini na maliasili za nchi. Nia ya ile ya 2017 niliipenda, nakiri. Lakini sisi Wafipa tulilima ntumba kabla ya mtu kutuletea mbolea ya viwandani. Majani hufukiwa ndani ya tuta, yakaachwa yaoze, na msimu unaofuata tuta hubomolewa ulezi upandwe. Anayebomoa tuta kabla majani hayajaoza anavuna majani. Bunge nalo lina kuoza kwake: kamati, maoni, ubishi, marekebisho ya koma na nukta. Kiongozi anayelifahamu hilo humwambia Rais, kabla kalamu haijagusa hati, kwamba jambo hili linaweza kungoja miezi mitatu.

Alhamisi nimezitaja, nizimalize haraka. Kanuni za Bunge za mwaka 2007, zilizotungwa enzi za Spika Samuel Sitta, ndizo zilizoleta maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, nusu saa kila Alhamisi. Pinda ndiye aliyeonja ladha yake. Januari 2009 aliulizwa juu ya kauli aliyoitoa ziarani kwamba wauaji wa watu wenye ualbino nao wauawe, na akajibu huku machozi yanamtoka. Juni 2013 alijibu swali kwa kusema wanaokaidi polisi wapigwe, na wanaharakati wakampeleka Mahakama Kuu, ambako shauri halikufika mbali. Mara zote mbili niliwasikia watu wakijadili machozi yake na ulimi wake. Hakuna aliyeuliza kilichofuata Ijumaa katika ofisi za Serikali. Nusu saa ile ni nzuri, lakini ni ya papo. Majibu yenye uzito huja baada ya miezi, kwenye utekelezaji, na hayo hayana kamera. Na Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja kutwa nzima, hata kamera zenyewe zikapungua. Wenye maduka ya hapa mjini waliokuwa wakiweka televisheni dirishani wanalikumbuka.

Nisije nikasahau upande wa pili wa mkeka, maana Rukwa ilikuwa nao. Chrisant Mzindakaya, mbunge wetu wa Kwela, aliitwa mzee wa mabomu, na hakubandikwa jina hilo kwa mzaha. Mwaka 2001 alilipua suala la vibali vya kuingiza sukari, na Iddi Simba, Waziri wa Viwanda na Biashara, akajiuzulu. Mzindakaya alikuwa wa chama kile kile cha waziri. Alijua kwamba mnadhimu atakuja kumnong'oneza, na alikuja na karatasi zake zimekamilika. Kwa miaka miwili na zaidi, 2008 hadi 2010, mkoa mmoja ulikuwa na Pinda mbele kabisa upande wa Serikali na Mzindakaya kwenye benchi akiwa na mkoba wake. Sidhani kama tulijua utajiri tuliokuwa nao. Mshenga huwa mkweli zaidi akijua kwamba upande wa pili kuna shangazi anayehesabu ng'ombe.

Majirani wana namna zao. Zanzibar, tangu marekebisho ya mwaka 2010, kazi hii iko kwa Makamu wa Pili wa Rais, baada ya kuondolewa cheo cha Waziri Kiongozi. Uganda iko kwa Waziri Mkuu kama kwetu. Kenya ilitoa kichekesho chenye mafunzo: Aprili 2009, ndani ya Serikali ya mseto, Rais Kibaki alimpeleka Kalonzo Musyoka kuwa kiongozi wa shughuli za Serikali, na Waziri Mkuu Raila Odinga akajipeleka mwenyewe. Barua mbili, kiti kimoja. Spika Kenneth Marende aliamua kuongoza kwa muda Kamati ya Shughuli za Bunge yeye mwenyewe mpaka wakubwa waelewane. Serikali isiyoelewana ni nani aisemee haikuwa na shughuli ya kuongozwa. Katiba yao ya 2010 ikawatoa mawaziri Bungeni kabisa, na sasa anayesukuma ajenda za Serikali ni kiongozi wa wengi, ambaye anaisemea Serikali isiyokaa naye ukumbini. Huyo ni mshenga anayefanya kazi kwa simu.

Nimalizie na mahindi, kwa sababu najua mlikuja kwa ajili ya mahindi.

Juni 2017, kwenye Baraza la Idd mjini Moshi, Waziri Mkuu alitangaza marufuku ya kupeleka mahindi nje ya nchi. Kulikuwa na hofu ya njaa katika mikoa mingine, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Lakini mkulima wa Kaengesa na Mpui alikuwa na magunia, na soko lililo jirani naye ni Zambia, Kongo na Burundi. Bei ya mahindi nyanda za juu kusini ikaporomoka. Wakala wa hifadhi ya chakula hakuweza kununua yote, na waliokuwa wamekopa mbolea walikwenda kulipa na magunia yasiyotakiwa na mtu. Baadaye marufuku ililegezwa, msimu ukiwa umekwisha kumwadhibu mkulima.

Nimelifikiria sana tangazo lile la Moshi. Mkutano wa bajeti wa mwaka ule ulikuwa bado haujafungwa. Lilikuwa jambo la Serikali, lilimgusa kila mbunge wa Rukwa, Katavi, Songwe na Ruvuma, na aliyelitangaza ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni. Lau lingepita kwanza mezani Dodoma, angalau mbunge mmoja wa kutoka huku angesimama na kuuliza Serikali itanunua tani ngapi, kwa shilingi ngapi, na lini. Labda marufuku ingewekwa hata hivyo. Lakini ingewekwa na mtu aliyekwisha kuulizwa.

Mwenyekiti, naona mzee mmoja pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Kaengesa, na hajaushusha. Mpeni kipaza sauti. Karibu, mzee wangu, uliza.